Senene wa Mita Mbili: Viumbe wa Televisheni Kwenye Mizani

Katika tamthilia nyingi za anga za mbali, mlango wa chombo hufunguka, moshi ukatoka, na anayeshuka ngazi ana miguu miwili, mikono miwili na kipande cha mpira kilichobandikwa kwenye paji la uso. Anavuta hewa yetu bila hata kukohoa. Kwenye vibanda vya video vya Kampala, vijei, yaani msimulizi anayetafsiri filamu papo hapo, akishamtilia maneno ya Kiluganda, mgeni huyo anakuwa jirani wa mtaa wa pili.

Sura hiyo tunaweza kuisamehe. Maswali magumu huanza anapopandishwa kwenye mizani: ana kilo ngapi, amekula nini leo, joto la mwili wake linatokea wapi? Wabunifu wa televisheni humaliza ujasiri wao wote kwenye ukubwa na nguvu, mahali ambapo fizikia haisikilizi maombi. Wakifika kwenye umbo na idadi ya viungo, ambako wangeweza kufanya watakavyo, wanaingiwa na woga.

Tuanze na mdudu mkubwa, maana huyo ndiye anayerudiwa kuliko wote.

Msimu wa Novemba, wakati taa kali zinawashwa usiku Masaka juu ya mapipa na mabati, chukua senene mmoja aliye hai kabla hajanyofolewa mbawa. Mlaze kiganjani kwa ubavu. Paja la nyuma limejaa, lakini chini ya goti mguu ni mwembamba kama ufito wa fagio. Tumbo linapanda na kushuka. Anapumua, ila si kwa mdomo. Ubavuni kuna safu ya vitundu vidogo, na kila kitundu ni mlango wa mrija unaogawanyika ndani, matawi juu ya matawi, mpaka hewa inaifikia nyama yenyewe. Damu ya senene haina kazi kubwa ya kubeba oksijeni. Hewa hufika karibu na kila seli kwa mrija, na katika hatua ya mwisho oksijeni inajisambaza yenyewe polepole.

Sasa mkuze senene huyo kutoka sentimita 5 hadi mita 2, yaani mara 40 kwa urefu. Uwezo wa mguu kubeba unategemea unene wa mguu ukikatwa kipande, na unene huo umeongezeka mara 40 mara 40, yaani 1,600. Lakini uzito unafuata ujazo: 40 mara 40 mara 40, yaani 64,000. Kila kipande cha mguu kinabeba mzigo mkubwa mara 40 kuliko mwanzo. Hesabu hii si mpya. Galileo aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1638, akachora mfupa wa mnyama mdogo na kando yake mfupa wa jitu, uliolazimika kunenepa kupita kiasi. Ndiyo sababu kob wa Uganda, yule swala aliye kwenye nembo ya taifa, anaruka kwa miguu kama fimbo, ilhali tembo wa Murchison anatembea juu ya nguzo na hawezi kuruka kabisa.

Pumzi ndiyo inayomwua mapema zaidi. Muda ambao oksijeni huchukua kujisambaza huongezeka kwa mraba wa umbali: umbali ukizidi mara 40, muda unazidi mara 1,600. Hata akipampu tumbo kwa bidii zote, nyama za ndani zitakosa hewa. Kisha kuna kujivua gamba. Mdudu hukua kwa kulitupa gamba la zamani, na jipya huwa laini kwa muda. Senene mwepesi anavumilia ulaini huo. Yule wa mita 2 angelala chini kama unga uliozidi maji.

Historia ya Dunia imejaribu wadudu wakubwa, na inafaa kuona imefika wapi. Miaka milioni 300 hivi iliyopita aliishi ndugu wa kereng'ende, Meganeura, mwenye mbawa za sentimita 65 hivi kutoka ncha hadi ncha, na watafiti wengi wanahusisha ukubwa huo na hewa ya enzi ile iliyokuwa na oksijeni nyingi kuliko asilimia 21 ya leo. Enzi hiyohiyo kulikuwa na mfano wa jongoo, Arthropleura, aliyezidi mita 2. Mtazame alivyofanikiwa: miguu mingi sana, tumbo karibu na ardhi, mwendo usio wa haraka. Hakuna aliyesimama wima akamrukia askari. Kati ya wenye gamba la nje wanaoishi nchi kavu leo, mkubwa kuliko wote ni kaa wa nazi, yule anayeonekana kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja, na yeye huishia kilo 4 hivi. Mbawakawa goliathi wa misitu yetu hufika sentimita 11, na tayari anahesabiwa miongoni mwa wadudu wazito kabisa.

Dawa ya mwandishi ni rahisi: mpe kiumbe wake mapafu na mifupa ya ndani, kisha gamba libaki kama ngao, jinsi alivyo kobe. Atapoteza haki ya kuitwa mdudu, lakini atasimama.

Kosa la pili ni njaa. Kuna sayari za televisheni ambazo ni jangwa tupu, na katikati ya jangwa hilo anaishi mla nyama mmoja mkubwa kama lori. Anakula nani siku ambazo mashujaa hawajatua? Wataalamu wa wanyama walao nyama wana kipimo kinachosaidia sana hapa: kilo 10,000 za mawindo yaliyo hai hutunza takriban kilo 90 za wawindaji. Weka mnyama wako wa kilo 500. Anahitaji mawindo ya tani 55 yanayozaliana nyuma yake. Ukimkadiria kob kilo 75, hiyo ni mifugo ya mwituni zaidi ya 700, kwa mwindaji mmoja tu. Na mmoja hazai. Ili kizazi kisife kwa kuoana ndugu kwa ndugu wanatakiwa wengi, na kila mmoja na kob wake 700, na kila kob na majani yake. Kwa hiyo kabla ya kuchora meno, chora malisho. Sayari yenye mla nyama mkubwa lazima iwe na kijani, au kitu kinachofanya kazi ya kijani, kinachoonekana hata kutoka angani.

Ndugu wa kosa hili ni yule kiumbe anayeingia chomboni akiwa kama paka na kesho yake asubuhi ni jitu. Mfugaji yeyote wa kuku wa nyama wa Wakiso angeuliza: chakula kiko wapi? Kuku wa kisasa, aliyechaguliwa kwa miongo mingi ili akue haraka, anahitaji karibu kilo 2 za chakula kikavu ili aongeze kilo 1 ya mwili, na anachukua wiki tano au sita kufika sokoni. Kiumbe anayeongeza kilo 100 usiku mmoja angekuwa amemaliza stoo nzima pamoja na maji, na joto la kazi hiyo lingemchemsha. Na mwenye kubadili umbo, leo mtu wa kilo 70, dakika ileile panya wa gramu 300, kilo 69 na ushee ameziacha wapi? Waandishi hawamwulizi kamwe.

Tuje kwenye damu, maana hapa kuna utamu wake. Spock wa Star Trek, mfululizo ulioanza mwaka 1966, ana damu ya kijani, na sababu inayotolewa ni shaba badala ya chuma. Wazo la shaba ni zuri na lina mashahidi: pweza, kaa, nge na hata konokono mkubwa wa shambani hubeba oksijeni kwa hemosayanini, protini yenye shaba. Rangi ndiyo iliyokosewa. Damu hiyo ikibeba oksijeni ni ya buluu, na ikiishiwa inakuwa karibu haina rangi. Kijani hupatikana kwa minyoo fulani wa baharini, na protini yao, cha kuchekesha, ina chuma! Wako pia mijusi wa New Guinea wenye damu ya kijani, nao wana hemoglobini nyekundu kama yetu. Kijani chao ni rangi ya nyongo iliyojaa mwilini kwa kiwango ambacho kingetuua.

Spock huyohuyo mama yake ni binadamu na baba si wa Dunia hii. Farasi ana kromosomu 64, punda 62. Mtoto wao ni nyumbu (yule wa kubeba mizigo, si wa Serengeti) mwenye 63, na kwa kawaida hazai. Hao ni wanyama wawili wenye babu mmoja wa juzijuzi tu kwa hesabu za dunia. Binadamu na mgeni wa sayari nyingine hawana babu hata mmoja. Wewe una undugu wa karibu zaidi na mgomba wa matooke, kwa sababu chembe zako na zake zinasoma maandishi yaleyale ya urithi. Mwaka 1993 Star Trek wenyewe walijaribu kuziba pengo hilo: jamii ya kale mno ilipanda mbegu moja katika sayari nyingi, ndiyo maana wote wanafanana na watu. Haisaidii. Mbegu moja hapa kwetu imetoa watu, lakini imetoa pia senene, uyoga na magugu maji.

Ugonjwa unafuata mantiki hiyohiyo. Kirusi huingia seli kwa kufungua kufuli lililoko juu ya ngozi ya seli, kisha hutumia mitambo ya ndani kujinakili. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe ilianza mwaka 1936, na kutoka msitu wa Zika, karibu na hapo, virusi vya jina hilo vilitengwa mwaka 1947 kutoka kwa kima mmoja wa utafiti. Kima na mtu ni jamaa, kufuli zao zinafanana. Lakini Waganda wamekula mihogo miaka yote ambayo virusi vya batobato vilikuwa vinaangamiza mashamba, na hakuna mlaji aliyeota madoa ya njano. Kama kirusi cha muhogo hakimpati mla muhogo, cha sayari nyingine kina kazi kubwa zaidi. Ukitaka hatari ya kweli kwenye hadithi, tumia sumu au mzio. Sumu haihitaji undugu.

Vivyo hivyo kwa mgeni anayetamani kutula. Protini zetu zimejengwa kwa asidi amino, vijenzi vidogo vinavyoweza kuwa vya kushoto au vya kulia kama viganja, na zetu ni za upande mmoja, tuseme za kushoto. Kama kwao uhai ulishika upande wa kulia, nyama yetu tumboni mwake ni sapatu ya kushoto kwa mguu wa kulia: ipo, inaonekana, haivaliki. Angeshiba bila kulishwa.

Halafu kuna silikoni, kipenzi cha waandishi. Star Trek walimleta kiumbe wa silikoni anayechimba mwamba mwaka 1967, na hoja yake si ya kipuuzi: silikoni, kama kaboni, hushikana mikono minne na jirani zake, na ni zaidi ya robo ya uzito wa gamba la Dunia, wakati kaboni haifiki hata asilimia moja. Ungedhani uhai ungechagua kilicho kingi. Haukuchagua, na sababu mojawapo unaitoa puani sasa hivi. Kaboni ikiungua mwilini hutoa kaboni dioksaidi, nayo ni gesi, inaondoka bila kazi. Silikoni ikiungua hutoa silika, yaani mchanga. Mtu hutoa karibu kilo 1 ya kaboni dioksaidi kwa siku. Mwenzake wa silikoni mwenye mahitaji sawa angelazimika kutoa kilo 1.4 za mchanga kila siku, kavu, kutoka ndani ya kila seli. Mchanga wa Lwera, kandokando ya Ziwa Victoria, huchimbwa kwa mitambo. Huyu angechimbwa mapafu.

Tena minyororo ya silikoni kwa silikoni ni dhaifu kuliko ya kaboni kwa kaboni, na mbele ya maji na oksijeni huvunjika upesi. Kwa hiyo kiumbe wa silikoni asiwekwe kwenye sayari yenye bahari na upepo mwanana. Nafasi yake pekee ni mahali pakavu, pasipo oksijeni. Silika kama silaha, hilo sawa kabisa: jani la muwa linalowachanja wakataji wa Kakira na Lugazi limejaa punje za silika, na mmea wenyewe ni wa kaboni kama wewe.

Mbawa. Kalooli, yule korongo mwenye upara anayepekua majalala ya Kampala, ana kilo 8 hivi na mbawa za mita 2.6 au zaidi. Mzidishe uzito mara 10 ili awe mtu. Akibaki na umbo lilelile, mbawa zinafika mita 5.6, na kwa kuwa eneo la mbawa limeachwa nyuma na uzito, lazima aende kasi mara moja na nusu ndipo ainuke. Inawezekana: Argentavis, ndege wa kale wa Argentina, alikuwa na kilo 70 hivi na mbawa zinazokaribia mita 6 au kuzidi. Ila angalia kidari cha kuku sahanini. Ule mfupa uliochomoza kama mkuku wa mashua ndipo misuli ya kurukia inaposhika. Mgeni mwenye mbawa za mita 2 mgongoni na kifua bapa cha mwanamitindo hana injini, amebeba pazia.

Mpeleke Titan, mwezi wa Zohali, mambo yanageuka. Mvutano pale ni kama moja ya saba ya wetu, na hewa ni nzito karibu mara nne. Kwa kasi ileile, eneo la mbawa linalohitajika linapungua karibu mara 28, na mtu mzima angeruka kwa mbawa za kufunga mikononi. Bei yake ni baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri. Kemia nyingi hupungua kasi kama nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoshuka. Ukiifuata kanuni hiyo ya mkono kutoka joto la mwili wetu hadi Titan, jambo la sekunde moja linachukua zaidi ya wiki tano. Uhai wa kule, kama upo, una kemia ya namna yake, lakini mazungumzo ya haraka mezani usiyategemee.

Kuhusu sura, televisheni ina utetezi nusu. Maumbile hurudia majibu. Ziwa Victoria lilikauka na kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na ndani ya muda huo mfupi zikazuka aina kama 500 za furu, wale ambao Waganda huwaita enkejje. Furu wenye midomo minene ya kunyonya wadudu kwenye nyufa za miamba wametokea Victoria, wakatokea Tanganyika, wakatokea Malawi, kila ziwa kivyake. Jicho lenye lenzi kama la kamera tunalo sisi, na pweza analo, bila kuazimana. Kwa hiyo macho, mdomo karibu na macho, na ubongo usio mbali na hivyo viwili ni ubashiri mzuri. Vidole vitano, kidevu na matiti havimo.

Macho ya nzi kwenye uso wa mtu nayo yana kodi: ili jicho la vijilenzi vingi lione kwa makini kama letu, lingetakiwa kufika mita moja hivi kwa upana. Na macho yanayotoa mwanga yangejipofusha yenyewe. Komba akimulikwa na tochi mtini huwaka macho kwa sababu ana kioo nyuma ya jicho kinachorudisha mwanga wako. Tochi ikizimwa, naye amezimika.

Mtu-mmea anayeishi kwa jua tu, hesabu yake ni fupi. Mahali kama Uganda mita moja ya mraba hupata takriban kilowati-saa 5 za jua kwa siku, usanisinuru wa mazao hubakiza asilimia 1 au 2, na mtu anahitaji karibu kilowati-saa 2.3. Anahitaji majani ya mita za mraba 23 hadi 46, ukubwa wa paa la nyumba ndogo, na asitembee nalo.

Basi ukitaka kumbuni mmoja anayesimama, anzia kwenye sayari. Tuseme mvutano mara moja na nusu ya wetu na hewa nzito. Mnyama wa kilo 200 pale atahisi kama ana kilo 300, hivyo mpe miguu sita mifupi na mgongo usiozidi kiuno cha mtu, maana kuanguka huko ni ajali mbaya. Atakula ukungu wa kijani unaofunika mawe. Ng'ombe hula chakula kikavu cha asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake kwa siku. Huyu naye apewe kilo 5, na kwa hiyo sehemu kubwa ya siku yake ni kukwangua mawe. Macho yakae pembeni, kwa kuwa mla majani anahofia wa nyuma. Mikono aipate kutoka mdomoni: mkonga wa tembo hauna mfupa hata mmoja na bado unaokota karanga, kwa hiyo mikonga miwili mifupi inatosha kufunga fundo na kushika chombo. Rangi chagua mwenyewe.

Kinachobaki ni cha mshonaji. Miguu sita inataka waigizaji wawili wameinama ndani ya vazi moja la mpira wa povu, na mtu anayefanya kazi hutoa joto la wati mia kadhaa ambalo povu halilipitishi. Weka zipu tumboni na feni ndogo mgongoni, karibu na wa nyuma, maana yeye haoni chochote.